Je, wajua? Jiwe "linaloelea" kwenye pete halijagundishwa

Kuna zile pete za kisasa, jiwe limekaa katikati ya pengo, halina vikucha vya kulishika wala kikalio chini, unaona mpaka upande wa pili. Wengi wakiiona wanasema hiyo gundi, wengine wanasema kuna kasindano kamepenya ndani ya jiwe. Hapana jamani, si gundi wala si sindano, na jiwe halijatobolewa popote, kutoboa kungelidhoofisha bure. Limebanwa na pete yenyewe, basi.

Mtindo huu ulitoka Ujerumani kwenye kampuni ya Niessing mwishoni mwa miaka ya 1970, na wazo ni lilelile la majengo ya kisasa: toa mapambo, acha kinachobeba mzigo kionekane. Hata kubana huku si kugeni: kwenye ujenzi mhandisi Mfaransa Eugène Freyssinet alishapata hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) mwaka 1928 ya zege linalobanwa na nyaya za chuma zilizovutwa kabla mzigo haujaja, na madaraja mengi marefu yamejengwa hivyo.

Jaribu hivi, simamisha vitabu kumi mezani, vibane kwa viganja kutoka pande mbili halafu inua. Vyote vinanyanyuka, hata cha katikati ambacho hujakigusa, maana mbano unaleta msuguano na msuguano ndo unakishika. Legeza kidogo uone vinavyomwagika. Pete nayo inatengenezwa pengo likiwa dogo kuliko jiwe, sonara anaipanua kwa kifaa, anaweka jiwe, akiachia tu chuma kinataka kurudi kwake ila jiwe limeziba njia, kwa hiyo kinabaki kinasukuma miaka yote. Kuna vijifereji vyembamba ambamo kingo za jiwe zinakaa lisiteleze, ila nguvu ni ya chuma.

Ndo maana dhahabu laini haifai, lazima chuma kifuliwe kikiwa baridi mpaka kiwe kigumu na chenye kunesa. Na hapa kuwa makini sana: ukimpelekea fundi asiyeijua akaipiga moto ili aongeze saizi, joto linalainisha chuma, mbano unakufa, jiwe linadondoka. Pima kidole vizuri kabla ya kuagiza.

Halafu si kila jiwe linaweza. Almasi ni 10 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe, yakuti ni 9, hizo zinavumilia, ingawa hata almasi ina pande inazopasukia, kwa hiyo fundi lazima akague nyufa za ukingoni kwanza. Tanzanaiti yetu ya Mererani ni 6 hadi 7 na ina upande mmoja inaopasuka kirahisi mno, kuibana hivi ni kuitafutia balaa.

Wanaosema jiwe linang'aa zaidi kwa sababu pembeni kuko wazi nao wanatia chumvi kidogo, mwanga mwingi unaingia kwa juu na kinachoamua hasa ni mkato, yaani jiwe lilivyochongwa. Unachopata ni kuliona jiwe lote kwa ubavuni, na hilo peke yake ni zuri sana. Kama roho yako iko kwa tanzanaiti, mwambie sonara aizungushie ukuta mwembamba wa dhahabu wenye kona zilizonyooka, usasa unabaki na jiwe linapona.