Ubora wa maisha baada ya leza ya koo si kupona

Ubora wa maisha, kitabibu, ni jinsi mtu mwenyewe anavyoyaona maisha yake: mwili, riziki, usingizi, watu wake, hofu zake, akiyapima kwa yale aliyoyatarajia. Shirika la Afya Duniani nalo linaueleza hivyo, kwa maneno mengi zaidi. (Bati jipya na lami mtaani ni hali ya maisha. Hayo waachieni wagombea.)

Linaloniudhi ni hili. Mtu wa hapa Tanga akirudi baada ya kukatwa saratani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, kwa leza (mwali wa mwanga unaokata), barazani utasikia kauli mbili: "Kapona, ubora wa maisha anao kutushinda sisi," au "Masikini, sauti imekwenda, hana maisha tena." Zote mbili zinamsemea.

Kupona ni habari ya uvimbe. Mgonjwa anapigwa nusu kaputi, daktari anapitisha bomba mdomoni, anachungulia kwa darubini na kuukata uvimbe kwa leza. Shingo haipasuliwi. Saratani ya nyuzi za sauti ikiwahiwa, walio wengi sana hupona. Lakini kilichokatwa ni nyama ya uzi wenyewe, kwa hiyo hewa huvuja, sauti ikatoka na mkwaruzo na kuchoka upesi. Mkato ukienda ndani zaidi, sauti nayo huumia zaidi. Mwaka 2000 wataalamu wa Ulaya waliupanga ukataji huo kwa madaraja, kufuata ukubwa wa mkato.

Sasa chukua wawili wenye mkato wa aina moja. Mmoja ni mnadi wa samaki pale soko la Deep Sea. Injini za boti zinanguruma, wachuuzi wamemzonga, na bei lazima imfikie hata mama aliyesimama nyuma kabisa na ndoo yake. Sauti isipofika, changu wanakwenda kwa bei ya kutupa. Wa pili anashona nyavu. Kazini haongei na mtu, nyumbani anasikika, wali anakula bila kupaliwa. Mashine ya kupima sauti inaweza kuwapa alama sawa kabisa. Dodoso la sauti la maswali 30 (Voice Handicap Index), lililotungwa Marekani mwaka 1997, litawatenganisha, maana linauliza sauti hii inakukwamisha wapi. Kwenye simu? Penye kelele? Watu wanakuuliza "una nini" kila ukifungua mdomo?

Na majibu hayo hubadilika. Miezi ya mwanzo si kama mwaka wa pili, mazoezi ya sauti huwasaidia baadhi, na kila tarehe ya kwenda kuchunguzwa koo ikikaribia, hofu ya ugonjwa kurudi hupanda hata kwa mwenye sauti safi.

Kwa hiyo hospitali ikisema kapona, semeni kapona, ni sahihi. La ubora wa maisha mwulizeni yeye, na asikatizwe. Pumzi humwishia katikati ya sentensi, hajamaliza.