Je, wajua namna ya kutambua kwamba uhusiano wako hauna jina?

Watu wawili wanaonana kila Jumamosi, hawalali kabla ya kupigiana simu, mmoja anajua hata dawa za presha anazotumia mama wa mwenzake, na bado shangazi akiuliza, "Huyu ni nani wako?", jibu linalotoka ni "Tupo tupo tu." Kiingereza kimeunda neno la hali hii, "situationship", kwa kuunganisha "hali" na "uhusiano", na mwaka 2023 neno hilo lilikuwa miongoni mwa manane yaliyoteuliwa na wachapishaji wa kamusi za Oxford kuwania heshima ya neno la mwaka. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka. Husemwa "tupo tupo tu" au "tunaongea tu", nami hapa nitauita uhusiano usio na jina.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba uhusiano wa namna hii unatambulika kwa uchache wa mapenzi. Niliwaambia hivyo marafiki walioniomba ushauri: mtu asiyekupenda sana hujificha, hachangii, hatokei penye shida, anayekupenda utamwona. Mmoja wao aliuguzwa wiki tatu na mwanamume aliyekuwa akimletea uji asubuhi na kumfulia nguo, nami nikamhakikishia kwamba aliyefanya hayo yote anajua vyema yeye ni nani kwake. Hakujua, wala rafiki yangu hakujua. Mapenzi yalikuwapo, tena ya kweli, lakini walikuwa hawajawahi kukubaliana chochote, na ushauri wangu ulimchelewesha kuuliza kwa karibu mwaka mzima.

Kosa langu lilikuwa kuchanganya mambo ambayo watafiti wamekwisha kuyatenganisha. Mwaka 1999 Leanne Knobloch na Denise Solomon walionyesha kwamba mashaka ndani ya mapenzi yana vyanzo vitatu: mtu anaweza kuwa na shaka juu ya hisia zake mwenyewe, juu ya hisia za mwenzake, au juu ya uhusiano wenyewe, yaani ni wa aina gani, una kanuni zipi na unaelekea wapi. Mashaka hayo hugusana, ila si kitu kimoja. Inawezekana kabisa kuwa na hakika kwamba unapenda na unapendwa, ukabaki hujui kama mwenzako akihamia Mwanza kikazi atakuaga kama mpenzi au kama jirani.

Nilikosea pia kuhusu muda, kwa kudhani kwamba miaka ikipita uhusiano hujipatia jina wenyewe. Hata sheria, ambayo watu wengi hudhani inafanya hivyo, haiusikilizi muda peke yake. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinataka mwanamume na mwanamke wawe wameishi pamoja miaka miwili au zaidi katika mazingira yaliyowafanya watambulike kuwa mume na mke, na hata hapo kinachopatikana ni dhana ya ndoa tu, ambayo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Mahakama ya Juu ya Kenya, katika uamuzi wa Januari 2023, ilitaja miongoni mwa masharti ya dhana kama hiyo nia ya kuoana, ridhaa, na kujitambulisha kwa watu kuwa wanandoa. Kalenda haitoshi, lazima pawe na kitu ambacho wawili hao walikikusudia.

Swali gumu zaidi, basi, ni namna watu wenye akili timamu wanavyofika mbali kiasi hicho bila kukusudia. Maelezo yanayonishawishi kuliko mengine yalitolewa mwaka 2006 na Scott Stanley, Galena Rhoades na Howard Markman wa Chuo Kikuu cha Denver, waliotofautisha kuteleza, yaani kusogea hatua kwa hatua bila uamuzi wowote, na kuamua. Chukua mfano wa mtu aliyeruhusiwa na rafiki yake, kwa mdomo tu, kuweka tofali zake kwenye kiwanja kilicho wazi. Baada ya mwezi anajenga kibanda cha kuhifadhia saruji, kwa sababu mvua zinakaribia. Kisha anachimba choo, kwa sababu mafundi wanahitaji choo. Anapanda mwembe, anavuta maji, anaweka uzio. Kila hatua ni ndogo na ina sababu yake njema, na hakuna hata moja iliyowalazimu kukaa mbele ya mashahidi na kuandikishana kiwanja ni cha nani. Siku ya kwanza, kuuliza kulikuwa hakuna gharama, kwani angejibiwa vibaya angebeba tofali zake akaondoka. Mwaka wa tatu swali ni lile lile, lakini sasa jibu linaweza kubomoa nyumba, na kadiri anavyozidi kujenga ndivyo anavyozidi kuogopa kuuliza. Hakuna aliyemdanganya. Mwenye kiwanja naye huenda anajiambia kwamba huyu angetaka kununua angekwisha kusema.

Inafaa niseme kwamba watafiti hao walijenga hoja yao juu ya wapenzi wa Marekani waliohamia nyumba moja, ambao gharama ya kuachana kwao inaonekana kwa macho: kodi, samani, pengine mtoto. Kuipeleka hoja hiyo kwa wapenzi wanaoishi mbalimbali ni hatua yangu, na gharama zao ni nyepesi zaidi, ingawa mazoea ya simu ya kila usiku nayo ni tofali.

Sasa, alama ya kuitambua hali hii iko wapi, ikiwa haiko katika wingi wa mapenzi wala wa miaka? Leslie Baxter na William Wilmot walichapisha mwaka 1984 utafiti kuhusu majaribio ya siri ambayo watu huwafanyia wenzao ili wajue uhusiano umefika wapi, na wakaorodhesha mbinu saba. Mtu anakaa kimya siku kadhaa aone kama atatafutwa. Anamtaja mwanamume au mwanamke mwingine aone kama wivu utaamka. Anamtambulisha mwenzake mbele ya watu kwa kusema "mpenzi wangu", huku akiutazama uso wake. Anawahoji marafiki zake. Kuuliza waziwazi ni moja tu ya mbinu hizo saba. Mwaka uliofuata, Baxter na Wilmot waligundua jambo ambalo kwangu linastaajabisha sana: mada iliyotajwa mara nyingi zaidi kuwa mwiko kati ya watu walio karibu ilikuwa uhusiano wao wenyewe.

Kwa hiyo jitazame wewe kabla ya kumtazama mwenzako. Ukijikuta unapeleleza, unahesabu saa alizochelewa kujibu, unalinganisha maneno aliyotumia jana na ya juzi, basi unatafuta kwa ushahidi kitu ambacho wenye makubaliano wanacho kwa kauli. Waliotamkiana kwamba mwaka huu hawataki uchumba na kila mmoja yuko huru hawana haja ya upelelezi huo, hata kama jirani anaona hawaeleweki, kwa maana wao wenyewe wanaelewana.

Ugumu wa kuuliza una chanzo kingine kilichoelezwa mwaka 1996 na Jacquie Vorauer na Rebecca Ratner: mtu huona ukimya wake kuwa ni hofu ya kukataliwa, na ukimya wa mwenzake kuwa ni kutojali. Nikisoma hayo namkumbuka mshenga. Alipobeba posa alikuwa anapeleka swali lenye jibu la ndiyo au hapana, kwa mdomo usio wa mposaji, hivyo hata jibu likiwa hapana hakuna aliyeaibika uso kwa uso. Mara nyingi "ndiyo" hiyo ilikuwa ya wazee kuliko ya binti, na hilo halifai kusahauliwa. Lakini baada ya mshenga kurudi, wote wawili walijua waliposimama.