Picha ya Lewis Hine haikujipiga yenyewe

"Chanzo cha awali hakina upande." Sijawahi kuendesha semina ya walimu wa historia nisiisikie kauli hii kuhusu chanzo cha awali, yaani ushahidi uliotoka wakati wenyewe wa tukio, na safari hii nimeisikia mara tatu kwa siku moja. Mwalimu anabandika ubaoni picha iliyopigwa na Lewis Hine, mpiga picha Mmarekani, ya msichana mdogo mbele ya mashine za kusokota pamba, kisha anatangaza: "Huu ndio ukweli wa Marekani ya wakati ule." Wanafunzi wanaikodolea macho, wanasikitika, wanafunga madaftari.

Hine aliajiriwa mwaka 1908 na kamati ya kitaifa iliyopigania watoto watolewe viwandani. Aliingia akijifanya muuza Biblia au mkaguzi, akakadiria urefu wa watoto kwa vifungo vya koti lake, akaandika kwa siri umri wao. Yeye ndiye aliyechagua nani asimame mbele ya kamera. Picha haiwi ya uongo kwa sababu hiyo; watoto wale walikuwepo na kazi waliifanya. Lakini ni ushahidi, na shahidi huhojiwa: nani kakutuma, unataka nani aamini nini?

Ndiyo maana mimi huziweka picha hizo sambamba na kesi ya Marekani ya Hammer dhidi ya Dagenhart. Sheria ya 1916 ilizuia bidhaa za viwanda vilivyoajiri watoto wa chini ya miaka 14 zisivuke mpaka wa jimbo. Aliyeipinga mahakamani alikuwa Dagenhart, baba na mfanyakazi wa kiwanda cha pamba Charlotte, North Carolina, akidai haki ya wanawe wawili kuendelea na kazi. Mwaka 1918 Mahakama ya Juu iliifuta sheria hiyo, majaji 5 dhidi ya 4. Darasa hapo hulipuka. Waache wabishane, kisha uwaambie kwamba waliomsukuma baba huyo ni wenye viwanda vya kusini. Naye ana waliomtuma!

Walimu wana kauli nyingine pia. "Vyanzo vikiwa vingi, somo linanoga." Hapana. Kimoja au viwili kwa kipindi, na maandishi ya chini ya picha yafunikwe dakika kumi za kwanza. Kwa hili sibishani na mtu.

"Kitabu cha kiada si chanzo cha awali." Inategemea unauliza nini. Cha mwaka 1920 ni chanzo safi kabisa kwa anayechunguza watoto wa 1920 walifundishwa nini.

"Hukumu za mahakama ni ngumu kwa sekondari." Nani kakwambia uwape hukumu nzima? Aya moja inatosha.