Napoleon: Total War, jinsi ya kushinda bila kumaliza askari

Napoleon: Total War ni geimu ya kompyuta ya vita vya zama za Napoleon, na wachezaji wengi wakishinda vita wanafurahia ushindi tu, hawaangalii wamebaki na askari wangapi. Mimi waliobaki ndio naanza kuwaangalia, maana kwenye kampeni (mfululizo wa vita kwenye ramani, mnacheza kwa zamu) ukishinda leo ukabaki na nusu ya jeshi, zamu inayofuata adui anakuja na jeshi jipya na wewe huna cha kumpa.

Kitu kikubwa ni hiki, huhitaji kuua adui mpaka aishe, unahitaji akimbie. Na morali (ari ya askari ya kupigana) haishuki kwa vifo peke yake, inashuka vibaya sana yuniti (kikosi kimoja) ikipigwa ubavuni au mgongoni, jenerali akifa, au majirani wakianza kutimka. Sasa mtu anapanga mstari wake uso kwa uso na adui wanarushiana risasi mpaka mmoja achoke, hapo hata ukishinda umeshaliwa. Mbele bana adui kwa yuniti chache, halafu yuniti mbili za pembeni zizungushe mpaka zimpige ubavuni, utaona mstari mzima unaanza kuyumba kuanzia ule upande. Wapanda farasi wasiguse mtu kabla ya hapo, wakija mgongoni wakati adui tayari anayumba ndo imeisha hiyo, lakini ukiwapeleka mbele kwenye mraba wa bayoneti (askari wa miguu waliojipanga pande nne, visu vya bunduki vikiangalia nje) umewatupa bure kabisa!

Vita vya Waterloo, tarehe 18 Juni 1815, ambavyo Napoleon alishindwa, ndo somo lenyewe. Wellington, kamanda wa Waingereza, aliwaficha askari wake wengi nyuma ya mgongo wa kilima, wengine wamelala chini kabisa, mizinga ya Wafaransa ikawa haiwaoni. Mchana Ney, jemadari wa Napoleon, akapeleka maelfu ya farasi bila askari wa miguu wa kutosha nyuma yao, Waingereza wakajipanga miraba na miraba ikasimama. Kwenye geimu fanya hivyo hivyo, ficha watu nyuma ya mwinuko mpaka adui afike karibu, ila kumbuka mraba ukiwa mbele ya mizinga ni mauaji, farasi wakiondoka tu uvunje haraka.

Mizinga yako mwenyewe nayo inaua watu wako, hili wengi hawalioni. Tufe la mzinga linapita chini chini, na ukiweka askari mbele ya mzinga kwenye uwanja tambarare linawapitia wao kwanza. Iweke juu ya kilima au pembeni.

Halafu kuna theluji. Zamu moja ni wiki mbili, kwa hiyo kipupwe kinakula zamu kadhaa, na jeshi likilala nje kwenye theluji linapungua kila zamu bila hata kuona adui. Hata kabla ya theluji, Napoleon mwenyewe alipovamia Urusi mwaka 1812 alipoteza watu wengi sana kwa njaa, joto na magonjwa kabla hata hajafika kwenye vita vya Borodino, karibu na Moscow. Ukiona baridi inakaribia rudisha jeshi mjini kwenye ardhi yako, huko yuniti zinajaziwa watu zenyewe, mji wa adui utausubiria majira ya kuchipua. Na ukifika hapo usikimbilie kuuvamia, uzingire tu, wakitoka kupigana watakukuta umeshachagua kilima chako.