Je, Mungu Anaweza Kuteseka? Tuache Kuwasingizia Mababa wa Kanisa

Kila mwaka ninapofundisha mitaguso ya kale, yaani mikutano mikuu ya maaskofu, na karibu kila semina ya makatekista ninayoalikwa, husimama mtu akasema kwa uhakika kwamba Mababa wa Kanisa, yaani walimu wakuu wa Kanisa la karne za mwanzo, walimwacha Mungu wa Biblia, anayehuzunika na kuhurumia, wakaazima kwa wanafalsafa wa Kigiriki Mungu aliye kama jiwe. Nimechoka kuisikia kauli hiyo.

Kwanza, Wagiriki wenyewe hawakuwa na kauli moja. Kwa mshairi Homer, Ares, mungu wa vita, anachomwa mkuki na shujaa Diomedes, anapiga yowe kama la watu elfu tisa au kumi, kisha anakwenda kumlalamikia baba yake Zeus. Mwanafalsafa Epicurus naye alifundisha kwamba miungu haijishughulishi na wanadamu hata kidogo. Mababa waliyakataa yote mawili. Walipotumia neno la Kigiriki apatheia, yaani kutoteseka, walikusudia kwamba Mungu hatawaliwi na hasira, tamaa wala kijicho kama miungu ile; hawakukusudia kwamba hapendi.

Ushahidi mkubwa ni ugomvi wa Nestori na Sirili. Nestori, askofu mkuu wa Konstantinopoli tangu mwaka 428, aliilinda apatheia kwa ukali kiasi cha kutotaka isemwe kwamba Mungu alizaliwa na Maria au kwamba Mungu alikufa, kwa kuwa aliyaona hayo ni mambo ya ubinadamu peke yake. Sirili, askofu wa Aleksandria, alikiri vilevile kwamba umungu kwa asili yake hauteseki, lakini akashikilia kwamba Neno, yaani Mwana wa Mungu, aliufanya mwili kuwa wake, hivyo njaa, misumari na kifo cha mwili huo ni vyake yeye, si vya mwingine. Laana ya kumi na mbili kati ya zile alizoandika dhidi ya Nestori inamhusu yeyote asiyekiri kwamba Neno wa Mungu aliteswa katika mwili, akasulubiwa katika mwili, akaonja mauti katika mwili. Kama Mababa wangekuwa watumwa wa falsafa, Nestori ndiye angeshinda kwenye mtaguso wa Efeso mwaka 431, lakini ndiye aliyevuliwa uaskofu. Kabla ya kufungua kitabu chochote cha ufafanuzi, isome laana hiyo kwa sauti, polepole, na uone jinsi maneno "katika mwili" yanavyorudi mara tatu. Wanafunzi wangu wanaofanya hivyo huacha habari za jiwe.

Wengine hudai kwamba kuwalaani waliosema Baba aliteswa msalabani kulikuwa kukataa kwamba Mungu aliteswa. Sivyo. Kosa ambalo Tertuliani, mwandishi Mkristo wa Karthago, alimshutumu nalo mwalimu Praxeas, mnamo mwaka 213, ni kumchanganya Baba na Mwana. Tertuliani huyohuyo, akimpinga Marcion, aliyekana kwamba Kristo alikuwa na mwili wa kweli, aliuliza kama Mungu hakusulubiwa kweli.

Wala mjadala haukuisha kwenye mtaguso wa Kalsedonia mwaka 451. Patriaki Petro wa Antiokia aliongeza maneno "uliyesulubiwa kwa ajili yetu" katika wimbo wa "Mungu Mtakatifu, Mtakatifu Mwenye Nguvu", na Waorthodoksi wa Ethiopia na Wakopti wa Misri huyaimba hadi leo wakimwelekea Mwana, ingawa waliouelewa wimbo kuwa ni wa Utatu wote walikasirika. Hatimaye, mwaka 553, Mtaguso wa pili wa Konstantinopoli uliagiza ikiriwe kwamba aliyesulubiwa katika mwili ni Mungu kweli, Bwana wa utukufu, na mmoja wa Utatu Mtakatifu.