Kesi na kelele hazimnyimi mtu tiketi ya urais

Nimeisikia tena wiki hii, kwenye matatu ya Rongai na kwa kinyozi: "Huyo ana kesi kibao, na nusu ya nchi haimtaki. Tiketi ya urais wa Kenya ataitoa wapi?"

Ataitoa kwa wajumbe wa chama chake. Wajumbe si nusu ya nchi.

Shughuli yangu ni karatasi za uteuzi, kwa hiyo nianze na neno lenyewe, maana ndilo linalotuchanganya. Tunasema "uteuzi" kwa mambo mawili tofauti kabisa: chama kumpa mtu tiketi, na IEBC, tume ya uchaguzi, kupokea karatasi zake na kumwidhinisha. La kwanza ni siasa. La pili ni makaratasi. Mtu anaweza kubebwa juu juu kwa vuvuzela kule Kasarani, uwanja wa Nairobi wa makongamano ya vyama, halafu akwame kwenye meza ya karani kwa sababu ya cheti cha digrii.

Upande wa chama nitapita haraka. Tiketi ya urais Kenya haitafutwi kwa mchujo kama wa wadi au eneobunge, wenye masanduku na fujo. Hutolewa na kongamano la wajumbe, na mara nyingi wajumbe huitwa kubariki jambo lililokwisha kuamuliwa. Mwaka 2002 Rais Moi alimtaka Uhuru Kenyatta awe mgombea wa chama chake, KANU, na ndivyo ilivyokuwa, ingawa vigogo kadhaa walihama chama. Mwaka 2007 chama cha ODM kilipiga kura ya kweli Kasarani, Raila Odinga akawashinda Mudavadi, Ruto na wengine. Machi 2022 UDA, chama cha Ruto, walirudi Kasarani hapohapo, na sidhani kuna aliyekosa usingizi akisubiri matokeo. Kwa hiyo ukitaka kujua kama fulani atapata tiketi, usiulize anapendwa kiasi gani. Uliza ni nani anayeandika orodha ya wajumbe, na ni nani anayetia sahihi barua zinazokwenda kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Kama chama ni chake, tiketi anayo kabla chai ya wajumbe haijachemka.

Kuchukiwa kunaanza kugharimu kwenye muungano wa vyama. Pale hakuna wajumbe, kuna vinara watano au sita na karatasi ya hesabu: huyu analeta kura ngapi, na anatufukuzia ngapi? Mwenye utata mara nyingi huangukia hapo, na hakuna mahakama ya kumsaidia.

Sasa tuje kwenye "ana kesi", maana hapa ndipo huwa napoteza subira. Kuwa na kesi si kitu. Kushtakiwa si kitu. Hata kupatikana na hatia, peke yake, bado hakutoshi. Ili ugombee urais, kifungu cha 137 cha Katiba kinataka uwe na sifa za kugombea ubunge, na sifa hizo ziko kifungu cha 99. Kinamzuia mwenye kifungo cha angalau miezi sita, na aliyepatikana kutumia vibaya ofisi ya umma au kukiuka Sura ya Sita, ile ya maadili ya viongozi. Watu husoma hapo wakafunga kitabu. Someni mstari unaofuata, jamani! Kifungu cha 99(3) kinasema mtu hazuiwi mpaka nafasi zote za rufaa au mapitio ziwe zimekwisha. Zote. Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa, na ikibidi Mahakama ya Juu. Wakili mzuri atazungusha rufaa mpaka kura zipigwe, zihesabiwe, na mshindi aapishwe.

Mwaka 2013 Uhuru na Ruto waligombea wakiwa na kesi za ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mabegani. Waliokwenda Mahakama Kuu kuwazuia waliambiwa suala la uchaguzi wa rais si la mahakama hiyo. Uhuru akashinda kwa asilimia 50.07. Kwa upande mwingine kuna Sonko: aliondolewa ugavana wa Nairobi Desemba 2020, akautaka wa Mombasa 2022, Mahakama ya Juu ikatupa rufaa yake dhidi ya kuondolewa Julai mwaka huohuo. Rufaa zikawa zimekwisha, na njia ikafungwa.

Kwenye kung'olewa madarakani, hata hivyo, nasita, na anayekwambia jambo ni jeupe anakuuzia kitu. Kifungu cha 75(3) kinasema aliyeondolewa kwa kukiuka masharti fulani ya maadili hastahili kushika ofisi nyingine ya serikali, na hakitaji rufaa hata kwa neno moja. Je, kisomwe peke yake, au pamoja na 99(3)? Ndiyo maana swali la kama Gachagua, aliyeondolewa unaibu rais na Seneti Oktoba 2024 kisha akaenda mahakamani, anaweza kugombea halijibiwi kwa kelele za baa. Mimi naegemea upande wa kuvisoma pamoja, lakini singeweka shamba la mzee rehani kwa hilo.

Baada ya sheria, sahihi. Ada ni shilingi 200,000, nusu yake kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu. Hiyo haimshindi mtu. Kinachoshinda watu ni wapiga kura 2,000 katika kila kaunti, kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Jumla 48,000, na hapo ndipo wengi hujikwaa: si 48,000 kutoka popote. Ukileta laki tano kutoka kaunti kumi za nyumbani, umefeli.

Na kaunti inayohesabiwa ni ile mtu alikojisajili kupiga kura, si anakolala. Ukisimamisha meza kwenye soko la Gikomba, Nairobi, sahihi nyingi utakazokusanya ni za Machakos, Kakamega na Murang'a, na fomu yako imeandikwa Nairobi. Wengine watatia sahihi kwako asubuhi na kwa mpinzani wako jioni. Namba ya kitambulisho itakosa tarakimu moja. Kidole gumba kitaloweka wino mpaka jina la jirani lisisomeke. Anayejua kazi hukusanya 2,600 au zaidi kwa kila kaunti, na huenda kaunti 28 au 30, ili mbili tatu zikianguka asianguke nazo.

Chuki haisaidii sana kumzuia mtu hapa pia. Hata kaunti inayokuzomea haikosi watu 2,000 wa kukutilia sahihi. Kutia sahihi si kukupigia kura. Hao waliokuzomea utakutana nao baadaye, kwenye ile asilimia 25 ya kura katika kila moja ya kaunti zisizopungua 24. Lakini wakati huo jina lako liko kwenye karatasi ya kura tayari.