Boti ya alumini kuukuu: rangi itatoka tu, shida ni vile unavyoitoa

Upepo wa kusi ukipoa watu wanaanza kuvuta boti zao juu pale Mtwapa na Tudor, na sisi hapa karakana ya chuo swali ni lile lile kila mwaka, "mwalimu, nimepata kiboti cha alumini cha kitambo, rangi imepigwa juu ya rangi mpaka imekuwa kama ganda la chaza, nitoe na nini?" Mimi nafunza matengenezo ya vyombo vya bahari kwa hivyo leo wacha niandike yote mara moja.

Kwanza usiichukulie kama chuma. Boti nyingi za zamani, hasa zile za Marekani baada ya vita vya pili vya dunia kuisha 1945 wakati viwanda vya ndege vilianza kutengeneza boti, bati lake ni jembamba sana, milimita 1.6 hivi, na limeshikanishwa kwa ribeti, zile pini za chuma laini zinazogongwa kichwa zibane bati mbili. Grainda ya diski ngumu ikipita hapo sekunde mbili ushakula kichwa cha ribeti, na ukipeleka kwa watu wa kupuliza mchanga bila kuwaambia ni alumini watakurudishia imejipinda kama karatasi iliyolowa.

Halafu kuna kostiki soda, na hapa nitakaa kidogo manake ndo inaua boti nyingi. Watu wanaijua kwa sabuni na kwa kuzibua mitaro, ni bei rahisi, na kwa mbao au chuma kweli inang'oa rangi. Lakini kostiki inaila alumini yenyewe. Mwanafunzi wetu mmoja aliipaka kwa kipande cha bati nikiwa nimetoka kidogo, nikarudi nakuta povu linachemka, bati limepata moto huwezi kushika, na kile kimvuke kinachotoka ni haidrojeni, gesi inayoshika moto. Tulipomwaga maji bati lilikuwa jeusi lina vishimo vishimo. Kwa hivyo ukienda dukani kununua rimuva, yaani dawa ya kutolea rangi, geuza mkebe usome, kama haijaandikwa inafaa alumini wacha hapo hapo.

Rimuva zingine zina kemikali inaitwa dikloromethani. Marekani walikataza isiuzwe kwa watu wa kawaida ya kutolea rangi tangu 2019, sababu imeua watu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, sasa fikiria wewe umeinama ndani ya boti, boti ni kama bakuli, mvuke umejaa chini pale pua yako iko. Na barakoa ile ya kitambaa haisaidii kitu. Ukiweza tafuta isiyo nayo, itachukua muda mrefu, labda usiku kucha ukifunika na nailoni isikauke, lakini utaamka.

Kukwangua tumia skrepa ya plastiki au ya mbao. Brashi ya waya ya chuma usiguse kabisa! Vipande vidogo vya ule waya vinabaki vimejidunga kwa alumini, vinashika kutu, na kwa maji ya chumvi chuma na alumini vikigusana alumini ndo inaliwa. Brashi ya nailoni au zile pedi za kusugulia zinatosha, na msasa tumia ukiwa na maji.

Hiyo ya maji si kwa ajili ya kulainisha tu, inazuia vumbi lisipae, manake rangi za kitambo mara nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na ukifika chini ukaona rangi ya kijani-manjano hiyo huenda ni zinki kromati, rangi ya kwanza ya kuzuia kuliwa, walipenda sana kuitumia kwa alumini, na vumbi lake linaleta kansa. Mimi ile ikiwa imeshika vizuri naiacha, sikuambiwa lazima nifike alumini tupu kila mahali. Tandaza turubai chini, kusanya kila ganda, usiache maji yakusombee kwa creek watu wanapovua, na nguo za kazi usizifue pamoja na za watoto.

Ukimaliza osha, na hapa Mombasa watu wanateleza. Maji ya kisima mtaani mengi yana chumvi, ukioshea hayo ni kama umepaka bahari chini ya rangi mpya. Nunua mitungi ya lita 20 ya maji matamu kwa mkokoteni, ingiza maji kwa mishono ya ribeti mara mbili tatu, manake rimuva hujificha pale na wiki mbili baadaye inafura rangi yako malengelenge.

Alumini ikibaki uchi inaanza kujivika ngozi yake saa hiyo hiyo, na upepo wa bahari unaleta chumvi, kwa hivyo usivue boti nzima halafu uende kulala. Fanya upande mmoja, futa na thina, piga praima, yaani rangi ya kwanza, inayofaa alumini siku hiyo hiyo, sio asubuhi na mapema wakati kuna umande, ngoja bati likauke.

Rangi ya chini ya kuzuia vyaza na mwani muulize muuzaji waziwazi kama ina shaba. Nyingi zinazo, na shaba kwa alumini ndani ya maji ya chumvi inatoboa. Kama jirani wa boti ya mbao amekupa mkebe wake uliobaki nusu, ule mwekundu, mshukuru halafu umrudishie.